Kuzuru Uwanja wa Hernando Siles, La Paz: Mwongozo wa Kufika, Kuzoea Mwinuko na Kutazama Mechi

Uwanja wa Hernando Siles uko katika jiji la La Paz, nchini Bolivia, kwenye mwinuko wa mita 3,637 juu ya usawa wa bahari. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu anaweza kuupima urefu huo kwa kumbukumbu yake mwenyewe, kwani ni chini kidogo tu ya vibanda vya Horombo, vilivyo mita 3,720, mahali ambapo wapandaji wengi hulala usiku wa ziada ili miili yao izoee. Horombo, hata hivyo, hufikiwa kwa miguu, baada ya siku mbili za kutembea pole pole. La Paz hufikiwa kwa ndege, ndani ya saa chache, na mgeni anayeshuka kwenye ndege hiyo hukuta jiji zima linaloendelea na maisha yake: watoto wanakwenda shule, akina mama wanapanga bidhaa sokoni, na uwanjani wachezaji ishirini na wawili wanakimbia kwa dakika tisini.

Mwongozo huu unafuata safari hatua kwa hatua. Nimekaa muda mrefu zaidi kwenye suala la mwili kuliko kwenye suala la tiketi, kwa sababu mgeni aliyekosa tiketi ya mechi moja anaweza kusubiri nyingine, lakini mgeni aliyepanda haraka kupita kiasi huishia kuitumia safari yake yote akiwa kitandani na kichwa kinachompasuka.

Hatua ya kwanza: Ujue uwanja kabla ya kuuona

Uwanja ulifunguliwa mwaka 1930 na kupewa jina la Hernando Siles Reyes, aliyekuwa rais wa Bolivia wakati huo, na ambaye alianguka madarakani mwaka huohuo. Wanawe wawili, Hernán Siles Zuazo na Luis Adolfo Siles Salinas, nao walikuja kuwa marais kwa nyakati tofauti, kwa hiyo jina la Siles utakalolisikia mjini si lazima liwe la mtu yuleyule aliyeandikwa langoni.

Mchoraji wa uwanja wa kwanza alikuwa msanifu majengo Emilio Villanueva, ambaye pia aliipanga mitaa ya Miraflores inayouzunguka. Villanueva aliupamba uso wa jengo kwa maumbo yaliyotokana na Tiwanaku, mji wa kale uliostawi karibu na Ziwa Titicaca karne nyingi kabla ya Wahispania kufika, akitaka jengo la umma la Bolivia lifanane na nchi yake badala ya kuiga Ulaya. Jambo hili nalisema mapema ili usije ukazunguka kuta za nje ukiutafuta uso huo. Haupo tena. Uwanja ulijengwa upya miaka ya 1970, La Paz ilipojiandaa kuandaa Michezo ya Bolivari ya mwaka 1977, na majukwaa ya zege unayoyaona leo, pamoja na njia ya riadha inayozunguka nyasi, ni ya kizazi hicho cha pili. Nami naona ni hasara kubwa, kwani viwanja vya zege vya aina hiyo viko miji mingi, ilhali ule wa Villanueva ulikuwa mmoja tu.

Historia iliyobaki, basi, iko zaidi katika yaliyotendeka kwenye nyasi. Tarehe 25 Julai 1993, katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, Bolivia iliifunga Brazil mabao 2 kwa 0, yote yakipatikana dakika za mwisho kupitia Marco Etcheverry na Álvaro Peña. Brazil ilikuwa haijawahi kupoteza mechi hata moja ya kufuzu Kombe la Dunia hadi siku hiyo. Bolivia, ikifundishwa na Mhispania Xabier Azkargorta, ikaenda Marekani mwaka 1994. Mwaka 1997 uwanja huu ulipokea fainali ya Copa América, michuano ya mataifa ya Amerika Kusini, na safari hiyo Brazil ikashinda 3 kwa 1. Tarehe 1 Aprili 2009 Argentina iliyokuwa na Lionel Messi, ikiongozwa na Diego Maradona kama kocha, ilifungwa hapa 6 kwa 1, huku Joaquín Botero akifunga mabao matatu.

Mwaka mmoja kabla ya kipigo hicho, Maradona huyohuyo alikuwa amekuja La Paz kucheza mechi ya kuutetea uwanja. Mwezi Mei 2007 FIFA ilipiga marufuku mechi za kimataifa katika viwanja vilivyo juu ya mita 2,500, kisha muda mfupi baadaye ikakipandisha kiwango hicho hadi mita 3,000. Rais wa Bolivia wa wakati huo, Evo Morales, aliongoza kampeni ya kuipinga marufuku hiyo kwa hoja iliyo rahisi kueleweka, kwamba watu wana haki ya kucheza kandanda pale wanapozaliwa na kuishi, na mwaka 2008 marufuku ikasimamishwa. Ukiwauliza wenyeji wa La Paz kuhusu mwinuko wa uwanja wao, utakuta suala hili bado linawagusa, na inafaa ulizungumzie kwa heshima. Mtu aliyezaliwa La Paz hauchukulii mwinuko kuwa hila ya kuwashindia wageni, kwa kuwa hewa hiyohiyo ndiyo anayoipumua kila siku.

Hatua ya pili: Uliza mwili wako, na umuulize daktari

Sehemu ya oksijeni katika hewa ya La Paz ni ileile ya pwani, yaani takriban asilimia 21. Kinachopungua ni shinikizo la hewa, ambalo katika urefu huo limebaki karibu theluthi mbili ya lile la usawa wa bahari, na kwa hiyo kila pumzi huleta oksijeni kidogo zaidi mapafuni. Mwili hujibu kwa kupumua haraka, moyo kupiga kwa kasi, na baada ya siku kadhaa kuongeza utengenezaji wa chembe nyekundu za damu. Majibu hayo huchukua muda, na hakuna mazoezi ya nyumbani yanayoweza kuyaharakisha. Mkimbiaji hodari wa mbio ndefu anaweza kuugua siku ya kwanza huku mzee anayetembea naye akiwa salama.

Muone daktari wiki kadhaa kabla ya safari, hasa kama una ugonjwa wa moyo au wa mapafu, au kama una ujauzito. Kwa wasomaji wenye asili ya Afrika naongeza jambo ambalo miongozo mingi ya watalii hailitaji: mwenye selimundu asipande mwinuko huu bila ushauri wa daktari bingwa, kwa sababu upungufu wa oksijeni huweza kuzusha shambulio la maumivu, na hata mtu aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye hajawahi kuugua maishani, anaweza kupata madhara ya ghafla kwenye wengu akiwa milimani. Kama hujui hali yako, pima kabla ya kukata tiketi ya ndege. Daktari anaweza pia kukuandikia asetazolamaidi, dawa inayosaidia mwili kuzoea mwinuko na ambayo huanza kumezwa siku moja kabla ya kupanda. Mweleze kama una mzio wa dawa zozote.

Katika ziara hiyohiyo ya hospitali, hakikisha una kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa Bolivia huidai kwa wasafiri wanaotoka katika nchi zenye ugonjwa huo. Suala la viza lithibitishe kwa ubalozi unaohusika na Bolivia kabla hujalipa chochote.

Hatua ya tatu: Panga njia inayopanda kwa ngazi

Hii ndiyo hatua itakayoamua kama utaufurahia uwanja au la. Uwanja wa ndege wa La Paz uko El Alto, jiji lililo ukingoni mwa bonde, kwenye mita 4,061. Anayetua hapo moja kwa moja kutoka nchi ya tambarare huanza safari yake mahali palipo juu kuliko anapokwenda kulala, na hilo ni kinyume cha kila kanuni ya kupanda mlima.

Njia ninayoipendekeza hupitia Santa Cruz de la Sierra, jiji kubwa la mashariki lililo takriban mita 400 tu, ambalo lina uwanja wa ndege wa kimataifa wa Viru Viru na hupokea ndege kutoka miji kama São Paulo na Madrid. Kutoka hapo nenda Cochabamba, iliyo karibu na mita 2,560, na ulale usiku mbili au zaidi. Mwenye muda na hamu ya historia anaweza kuchagua Sucre, mji mkuu wa kikatiba, ulio karibu na mita 2,800. Baada ya hapo ndipo uende La Paz. Usiku ule wa katikati huonekana kama siku iliyopotea unapoutazama kwenye kalenda, lakini mwili unauhitaji kuliko unavyohitaji kitu kingine chochote katika safari hii.

Pengine utauliza kwa nini basi timu za kigeni huonekana zikifanya kinyume, zikilala Santa Cruz na kuruka hadi La Paz saa chache tu kabla ya mechi. Sababu ni kwamba dalili za ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kati ya saa sita na saa kumi na mbili baada ya kufika, na timu hujaribu kucheza na kuondoka kabla hazijaanza. Hesabu hiyo inamfaa mchezaji aliye na ndege inayomsubiri na daktari pembeni yake. Wewe unayetaka kulala mjini, kutembea na kuuona uwanja kwa utulivu, usiifuate.

Hatua ya nne: Chagua tarehe, na uhakikishe mechi iko uwanja gani

Majira ya kiangazi huwa takriban Mei hadi Oktoba. Anga huwa safi, na kutoka Miraflores mlima Illimani wenye urefu wa mita 6,438 huonekana ukiwa na theluji yake juu ya paa za nyumba. Usiku wa Juni na Julai, hata hivyo, huwa na baridi kali. Mvua huja zaidi kati ya Desemba na Machi.

Ligi ya Bolivia huchezwa sehemu kubwa ya mwaka, na klabu mbili kubwa za jiji, Bolívar na The Strongest, huutumia uwanja huu kwa mechi za nyumbani, zikiwemo zile za mashindano ya bara. The Strongest, iliyoanzishwa mwaka 1908, huvaa manjano na nyeusi. Mwaka 1969 ndege iliyoibeba timu hiyo ilianguka milimani karibu na Viloco na kuua karibu kikosi kizima, na klabu ikalazimika kujijenga upya kuanzia chini. Bolívar ilianzishwa mwaka 1925 na huvaa buluu ya angani. Zinapokutana, jiji hugawanyika. Kama unaweza kuchagua mechi moja tu katika mwaka, chagua hiyo ya watani wa jadi, kuliko hata ya timu ya taifa, kwa sababu siku hiyo uwanja unakuwa wa watu wa La Paz peke yao, nao hawachezi kwa ajili ya kumwonyesha mgeni yeyote kitu.

Kwa mechi za timu ya taifa, soma tangazo kwa makini. Tangu Septemba 2024 Bolivia imekuwa ikicheza mechi za nyumbani katika uwanja wa manispaa wa Villa Ingenio, El Alto, ulio zaidi ya mita 4,000, na ni huko ilikoifunga Brazil 1 kwa 0 mwezi Septemba 2025. Majiji haya mawili yamepakana, ila viwanja vyenyewe haviko karibu, na aliyezoea mwinuko wa kimoja hajazoea wa kingine.

Hatua ya tano: Siku mbili za kwanza La Paz

Tafuta malazi upande wa kusini wa jiji, unaoitwa Zona Sur, kama bajeti yako inaruhusu. La Paz imejaa bonde lenye umbo la bakuli, na upande wa kusini uko chini kwa mita mia kadhaa kuliko katikati ya mji; una joto kidogo zaidi, na usingizi wako utakuwa bora. Panda mchana, lala chini.

Siku ya kwanza usifanye jambo lolote la maana. Tembea taratibu kwenye ardhi tambarare, ingawa mitaa tambarare ni michache, kunywa maji ya kutosha, kula chakula chepesi na uache pombe kabisa, pamoja na vidonge vya usingizi, kwa kuwa vyote viwili hupunguza kasi ya kupumua usiku. Kuumwa kichwa kidogo, kukosa hamu ya kula na kuamkaamka usiku ni mambo ya kawaida ambayo hupungua siku ya pili au ya tatu. Wenyeji huyaita sorojchi, na ukilitamka neno hilo katika duka lolote la dawa utaeleweka.

Utakaribishwa pia chai ya majani ya koka, ambayo ni kinywaji halali na cha heshima nchini Bolivia. Inywe ukipenda, ila tambua mambo mawili. Mwanamichezo anayepimwa dawa zilizokatazwa asiiguse, kwani hata kikombe kimoja kinaweza kuacha mkojoni alama zilezile za kokeini. Na hakuna msafiri anayepaswa kuyafungasha majani hayo, wala majani ya chai yake, kwenye begi la kurudi, kwa kuwa katika nchi nyingi ni kosa la jinai. Usishangae pia chai yenyewe ikiwa na uvuguvugu mapema: maji huchemka hapa yakiwa takriban nyuzi joto 88 tu.

Zipo dalili ambazo hazisubiri kesho: kukosa pumzi ukiwa umekaa tu, kikohozi chenye povu la rangi ya waridi, kuchanganyikiwa, au kushindwa kutembea kwenye mstari ulionyooka. Hizo zinaonyesha maji kwenye mapafu au uvimbe wa ubongo, na tiba yake ni oksijeni na kushuka. La Paz ina ugumu wake hapa, na wageni wengi hawaujui mpaka waupate: karibu kila barabara ya kutoka jijini hupanda kwanza. Njia ya uwanja wa ndege hupita zaidi ya mita 4,000, na ile ya kushuka kwenye mabonde ya joto ya Yungas huvuka kilele cha La Cumbre, karibu mita 4,650, kabla haijaanza kuteremka. Kwa hiyo usikimbilie gari la kwanza. Nenda hospitali, upewe oksijeni, na madaktari wapange namna ya kukushusha. Miraflores, mtaa wenye uwanja, ndio pia wenye hospitali kadhaa kubwa za jiji.

Hatua ya sita: Kwenda Miraflores

Siku ya tatu mwili wako utakuwa tayari. Usafiri ninaoupendelea ni ule wa magari ya kebo, Mi Teleférico, ulioanza kazi mwaka 2014 na ambao njia zake hutambulishwa kwa rangi. Njia nyeupe hupita Miraflores, na mhudumu wa kituo atakuonyesha pa kushuka ukimtajia uwanja, estadio. Kibanda huelea kimya juu ya mapaa, nawe huepuka foleni za magari na, lililo muhimu zaidi kwa mgeni, huepuka kupanda vilima kwa miguu. Mabasi madogo yenye kibao cha Miraflores hufika pia, na huwa na bei nafuu. Beba noti ndogondogo na sarafu za boliviano, kwa sababu si kila mtu atakuwa na chenji.

Fika saa mbili au tatu kabla ya mechi, na usiingie ndani mara moja. Mbele ya uwanja kuna kiwanja kidogo kilichochimbwa chini kwa kuiga hekalu la Tiwanaku, na katikati yake imesimama nakala ya mnara wa jiwe uitwao Bennett. Jiwe lenyewe, lenye urefu wa zaidi ya mita saba, lilichimbuliwa Tiwanaku mwaka 1932 na mwanaakiolojia Mmarekani Wendell Bennett, likaletwa La Paz, na kwa miongo mingi likasimama hapa, likipigwa na mvua na moshi wa magari na kutazama mashabiki wakipita, hadi mwaka 2002 liliporudishwa kwao. Simama hapo kidogo. Uso wa uwanja wa Villanueva ulipobomolewa, na jiwe hilo lilipoondoka, nakala hii ndiyo iliyobaki kuonyesha kile msanifu alichokusudia: kwamba mchezo wa kisasa na ustaarabu wa kale wa nyanda hizi viwe ujirani mmoja.

Ukitaka kumpiga picha mtu, hasa akina mama wa Kiaymara, jamii ya wenyeji wa asili wa nyanda hizi, waliovaa sketi pana na kofia za duara wanaouza vyakula karibu na malango, omba ruhusa kwanza na ununue kitu.

Hatua ya saba: Tiketi na mahali pa kuketi

Njia ya uhakika ya kuuona uwanja kwa ndani ni kuingia kwa mechi. Nunua tiketi kwenye madirisha ya uwanja au kwa njia rasmi ambazo klabu imezitangaza. Walanguzi wanaozunguka nje huuza hata tiketi zisizo za siku hiyo. Majukwaa yamegawanywa sehemu nne. Preferencia ni upande wa heshima na wa bei ya juu, ng'ambo yake kuna General, na nyuma ya magoli kuna Curva Norte na Curva Sur. Curva Norte ni nyumbani kwa mashabiki wakali wa Bolívar, na Curva Sur ni kwao The Strongest, kwa hiyo siku ya watani wa jadi mavazi yako yatazungumza kabla yako. Vaa rangi isiyo ya upande wowote.

Kwa ziara ya kwanza, kaa Preferencia au General, ambapo unaweza kuketi wakati wote. Kwenye curva watu husimama, huimba na kurukaruka kwa dakika zote tisini, na ingawa hapo ndipo penye roho ya uwanja, mapafu yaliyo na siku tatu tu La Paz hayataimudu kazi hiyo.

Vaa nguo za kuvulika moja juu ya nyingine. Mionzi mikali ya jua huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na ngozi nyeusi nayo huungua hapa, tofauti na wengi wetu tunavyoamini. Kofia, miwani ya jua na mafuta ya kukinga jua ni vya lazima katika mechi ya alasiri. Kivuli kinapolifunika jukwaa, joto huporomoka ndani ya dakika chache, na ndipo utakapolihitaji koti ulilolibeba ukidhani ni mzigo.

Hatua ya nane: Namna ya kuutazama mchezo wenyewe

Panda ngazi za jukwaa kwa vituo, uketi, kisha uangalie mpira kwa macho mapya. Hewa nyepesi huupinga mpira kidogo, kwa hiyo shuti la mbali hufika haraka kuliko mlinda lango mgeni anavyokadiria, na mpira wa kupinda haupindi kama ulivyopinda kwake nyumbani. Wachezaji wa La Paz wanalijua hilo tangu utotoni, na utawaona wakipiga kutoka umbali ambao mahali pengine kocha angewakemea. Mipira ya juu nayo huwapita mabeki wageni waliosimama pale walipozoea kuisubiri.

Kisha tazama dakika ya sitini na kuendelea. Timu ngeni hurudi nyuma kwa kuchelewa, wachezaji wa kiungo hushika viuno mpira unapotoka, na mabadiliko ya wachezaji huja mapema. Mabao yale ya Etcheverry na Peña ya mwaka 1993 yalipatikana katika dakika kama hizo. Lakini usidhani mwinuko peke yake hushinda mechi, kwani Brazil ilitwaa Copa América kwenye nyasi hizihizi mwaka 1997, na historia ya Bolivia ina vipigo vya nyumbani pia. Timu ya wenyeji hushinda hapa inapojua kuutumia mpira wa kasi na kuwalazimisha wageni wakimbie, na hilo ni suala la ufundi.

Bao likifungwa, usiruke. Piga makofi ukiwa umeketi, na upumue kwa kina.

Hatua ya tisa: Siku inayofuata

Baada ya kipenga cha mwisho subiri kama nusu saa jukwaani umati upungue, kisha uondoke kwa njia uliyojia, ukiwa umehakikisha mapema saa ambayo magari ya kebo hufungwa, kwa sababu mechi za usiku zinaweza kumalizika baada ya hapo na ukalazimika kutafuta teksi.

Ikiwa bado una siku moja, nenda Tiwanaku, kilomita 70 hivi magharibi mwa La Paz. Barabara hupanda El Alto na kufuata uwanda wa juu ulio karibu na mita 3,850, kwa hiyo iweke safari hii mwishoni, mwili ukiwa umeshazoea, na ubebe koti la upepo. Jiwe la Bennett lililokuwa likisimama mbele ya uwanja limehifadhiwa huko ndani ya jengo la makumbusho, na ukilitazama kwa karibu utaona michoro midogo iliyochongwa mwili mzima, ambayo miaka yake mingi karibu na uwanja imeanza kuifuta.